Vikapu Tulivyovirudisha Vitupu

Ipogolo,
Iringa.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lea,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Uyole, wewe na shemeji Jailos na watoto. Kifua cha Atuganile kimetulia, au baridi ya Juni imekiamsha tena? Sisi hatujambo. Goti langu hulalamika kila asubuhi, lakini tumeshazoeana. Mama ni mzima, na habari zake ndizo zimenishikisha kalamu. Kwenye simu ningelia, nawe ungedhani kuna msiba.

Unalikumbuka lile ghala la mahindi la chuo, nilikokuwa fundi seremala? Chuo kilipoacha kuweka chakula, Mwalimu Abrahamu wa sanaa aliuomba ufunguo. Ilikuwa mwaka 2011. Alitaka wanachuo na watu wa mitaani wapate mahali pa kuonyesha kazi za mikono yao. Hakuna kiingilio, hakuna kuuza, hakuna anayelipwa. Mpaka leo ufunguo unashikwa kwa zamu na watu wa kujitolea, wiki hii Walutheri, wiki ijayo Wakatoliki. Watu wakapaita Ghalani. Rafu nilizitengeneza mimi, huku nikicheka moyoni. Kwangu picha ilikuwa kitu cha kanisani au cha kalenda.

Mwaka ule ule tuliazima vikapu vya nyasi za milulu kwa wanawake wa kwetu Kilolo, kumi na tisa, kimoja kikiwa cha mama. Watu walivitazama mwezi mzima. Kisha nikatumwa na gari la chuo kuvirudisha. Tulikuwa tumevipangusa vizuri, kila kimoja na karatasi yake ya kusaini. Nikavigawa mlango kwa mlango, vitupu.

Najua umeshashtuka. Mhehe mzima, mtoto wa Marta, narudisha chombo cha mtu bila hata punje ya maharage ndani. Kwetu hata sahani ya jirani hairudi hivyo. Lakini nilikuwa nimevaa koti la kazi, nikajiona niko kazini, siko nyumbani. Mama aliweka dole gumba kwenye karatasi, akakipandisha kikapu darini, akanikaribisha chai.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa kule aliyeleta kitu Ghalani. Miaka kumi na minne. Walimu wakasema watu wa vijijini hawajali sanaa, na mimi mjuaji nikaitikia.

Machi mwaka huu chuo kikatangaza kwamba chumba kinawafaa wanachuo wachache tu, na mwisho wa Mei ukifika bila wananchi kuonekana, kitawekwa kompyuta. Mwalimu Abrahamu, ambaye sasa amestaafu kama mimi, hakubisha. Alikaa kwenye benchi akiziangalia kuta tu. Nikamwonea huruma, nikaenda Kilolo kumwomba mama atuazime tena kikapu, angalau kimoja.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mlikileta kitupu, Sosthenes," alisema. "Mtu akirudishiwa chombo kitupu, ameambiwa asilete tena. Sisi tukatii."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo tulidhani wamekataa, kumbe wametii. Nikamwuliza kwa nini hakunionya siku ile. Akasema aliyekuja alikuwa mtu wa chuo, na yeye si wa kumfundisha adabu mtu wa chuo.

Nilimweleza Mwalimu Abrahamu, na aibu yangu yote. Watu wa zamu wakachanga walichonacho: maharage, unga, ulezi, chumvi. Nikazunguka milango ile ile kumi na tisa. Wanawake wanne walishatangulia, nikaenda kwa binti zao. Kila nyumba niliomba kikapu kile kitolewe nikitie kilichopaswa kuwemo. Wengine walinicheka mpaka wakakaa chini. Mama Devota alininyima kiti, akanisuta nikiwa nimesimama. Nilistahili. Mama yetu alipokea, akasema asante, basi. Sikujua kama atakuja.

Jumamosi ya mwisho wa Mei nilifungua Ghalani mapema. Saa tatu likaingia lori la viazi kutoka Kilolo, limejaa wanawake. Nilihesabu hadi arobaini nikaacha. Walileta vikapu vile, wakaleta na vya bibi zao, nyungo, mikeka na vichujio vya pombe. Rafu zilijaa, tukapanga sakafuni. Mkuu wa chuo aliingia kwa haraka zake, akasimama mlangoni, akavua kofia. Baadaye alituambia kompyuta zitatafutiwa kwingine.

Mama alishuka wa mwisho, amefunga kitu kwenye kitenge. Kilikuwa kikapu kisichozidi bakuli. Akaomba maji, akayamimina ndani, akakiinua juu mbele ya watu wote. Tukasubiri. Lea, halikudondoka hata tone. Nimeunganisha mbao miaka arobaini na sijawahi kutengeneza kiungo cha kuzuia maji namna ile. Nililia mbele ya wanachuo bila aibu.

Nilimwuliza alijifunza lini. Akasema alikuwa akisuka hivyo tangu kabla wewe hujazaliwa, ila sisi vikapu hivyo tulivitilia viazi. Nina miaka sitini na mbili. Nimewanyenyekea mafundi wa kila namna, na aliyewazidi wote alikuwa ananikorogea uji.

Wasalimie shemeji Jailos, Atuganile na Bupe. Mke wangu Jackline anakusalimu sana. Mwalimu Abrahamu naye ametuma salamu, ingawa hamjaonana. Mungu awalinde, na mvua zijazo ziwaache salama.

Nimebakiza ujumbe wa mama. Jicho la kushoto limeshazima, la kulia linafuata. Anasema atasuka kikapu kimoja tu tena, na hawezi kukimaliza peke yake. Anataka macho yawe yako. Milulu nimemkatia jana, imeanikwa uani. Ikikauka ataanza. Njoo, Lea.

Kaka yako akupendaye,
Sosthenes