Usimuuze Shemasi, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii unaipokea ukiwa umekaa, na kama umesimama, Nyangeta akuletee kiti. Mgongo unaendeleaje? Usinijibu tu kwamba hujambo, nijibu kama ulivyo. Na goti la Mama je? Mimi huku Sharjah ni mzima, ila joto lake ni la kuchemshia mayai, na viatu vyangu vya kazi vimeachana na soli mara mbili tangu nilipokupigia simu.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu unasemaga maneno ya simu hayana sahihi. Haya yana sahihi. Anayekuletea ni jamaa wa Kigera niliyekuwa nafanya naye kazi hapa gereji, mkataba wake umekwisha. Mpe chai, kisha uisome kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi, maana dada yangu Nyangeta ameniambia unampeleka Shemasi mnadani.

Baba, usimuuze.

Nyangeta anasema unataka maksai mwenzake, Polisi, afungwe nira moja na dume jipya la mbio, muwe kama mjomba kule Butiama, ambaye maksai wake wanamaliza shamba jua halijawa kali. Anasema ulimtazama Shemasi ukasema, "Huyu anatembeaga kama anakwenda kuzika. Aliyechelewa apishe wengine." Lakini Baba, jina la Shemasi ulimpa wewe mwenyewe kwa sababu ya mwendo huo huo, na miaka yote hukulalamika. Sasa ngoja nikueleze yaliyonipata huku.

Gereji yetu inaongezea nguvu magari ya mbio. Mtu analeta gari zima kabisa, linalokimbia kuliko akili yake, anasema halikimbii. Siku ile kwenye simu uliniuliza nguvu hizo zinapimwaje, nikakwambia kwa farasi, ukaniuliza farasi wa nani. Sijui, Baba. Aliyechagua farasi hakuwahi kufika Bunda msimu wa kulima pamba.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja anayekaribia kuoa. Alitaka farasi mia sita, si pungufu, ili afike nazo kwa wakwe. Nikamfungia turbo kubwa, lile dude linalopuliza hewa ndani ya injini. Tukalipandisha gari kwenye mashine ya kupimia, ambapo magurudumu yanazunguka na gari haliendi popote. Likanguruma hadi madirisha yakatetemeka, karatasi ikatoka: mia sita na kitu. Tukapiga makofi. Yeye akaibusu karatasi. Mimi, kwa furaha, sikuutazama mstari wa pili kwenye karatasi hiyo hiyo, mstari wa torki.

Siku ya harusi bosi akanituma niufuate msafara na sanduku la spana. Mbele ya ukumbi, kwa kina bibi harusi, pana kilima kidogo cha mchanga, kitu ambacho Mama angekipanda na ndoo kichwani. Gari la farasi mia sita likafika hapo likagoma. Akikanyaga mafuta taratibu, linazimika. Akikanyaga kwa nguvu, magurudumu yanachimba shimo na mchanga unawarukia mashangazi na nguo zao za harusi. Mwishowe likaja pikapu la dizeli la kubebea mboga, kuukuu, linakohoa, sidhani kama lina farasi themanini. Dereva wake hakuweka hata kikombe chake cha chai chini. Alilivuta gari la mbio akalipandisha hadi juu, na bibi harusi akalihama, akaingia ukumbini akitokea kwenye pikapu, alikokaa karibu na matango. Alicheka njia nzima. Bwana harusi hakucheka.

Kesho yake akaja gereji na baba yake. Bosi akaniambia nilifunga mimi, basi nieleze mimi, na nikishindwa nifungashe virago. Kiingereza changu kikakimbia chote. Kiarabu ninachojua ni salamu na majina ya spana. Nikachukua chaki, nikapiga magoti, nikachora sakafuni ng'ombe wawili na nira. Huyu Polisi, nikasema. Huyu Shemasi.

Torki, nikawaeleza Kiingereza kikinirudia kidogo kidogo, ni pale Shemasi anapoinamisha shingo na plau lililokwama linaanza kwenda. Ni nguvu ya kuvuta, basi. Farasi ni hesabu inayofuata: unachukua mvuto ule unauzidisha kwa kasi. Kwa hiyo Polisi akivuta kidogo mbio mbio, na Shemasi akivuta sana polepole, karatasi inaweza kuwapa wote namba ile ile. Karatasi haijui udongo. Ile turbo kubwa inaamka injini ikiwa imeshazunguka mno, na kwenye mchanga injini haipati nafasi ya kuzunguka hivyo. Nikawasimulia ule mwaka tuliowafunga Polisi na mwenzake wa mbio kule bondeni kwenye udongo mweusi. Walivuta kwa kishindo, nira ikakatika, wao wakafika kwa jirani, plau likabaki na sisi. Siku ile ile ulikwenda ukarudi na Shemasi, akalivuta.

Yule mzee aliinama akamwekea kidole Shemasi wa chaki. Kisha akamwambia mwanawe, "Mwambie amrudishe huyo Shemasi kwenye gari."

Nikafunga turbo ndogo inayoamka mapema. Farasi zikapungua, na gari likapanda kile kilima kwa upole. Kazi ninayo bado. Siku hizi hapa gereji Wafilipino na Wapakistani wakishatoa karatasi kwenye mashine wanaulizana kwanza, "Shemasi ngapi?" Bosi anataka picha ya Shemasi mwenyewe ukutani, kati ya magari mawili mekundu. Nitamwambiaje kwamba ameliwa supu Bunda mjini?

Lakini sikushika kalamu kwa sababu ya picha. Nyangeta aliniambia pia kwamba wiki ile ile muuguzi alikukataza kushika plau. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyaunganisha, Baba. Uliposema aliyechelewa apishe wengine, hukuwa unamtazama ng'ombe tu.

Msalimie Mama, na goti lake. Msalimie shangazi wa Kiriba, mwambie dagaa wake walifika na chumba kizima kinanijua kwa harufu. Mjomba wa Butiama mwambie tutaonana bondeni mvua ikinyesha, na maksai wake wa mbio aje nao. Nyangeta asinunie barua hii, alifanya vema kunieleza. Shemasi mpeni chumvi.

Likizo yangu imekubaliwa, nafika kabla ya mvua za kwanza. Plau nitashika mimi. Wewe utatangulia mbele umeshika kamba ya Shemasi, kama nilivyokuwa natangulia mimi nikiwa mdogo, na mtakwenda mwendo wenu. Nyuma huku nitawafuata.

Mwanao,
Magesa