Saa Kumi na Moja Tu

Nyuma ya Duka la Vitambaa,
Jumatano, tarehe 11 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Kifua chako na baridi ya huko mnaelewana? Mimi mzima, cherehani inazunguka, ila mgongo unanung'unika. Hali ya Mama nitaifikia.

Barua hii anakuletea jirani yetu nesi, anayepanda ndege kesho. Kwenye simu siku hizi tunaishia kugombana, na nusu ya maneno yanakatika.

Kwanza nisamehe. Alhamisi iliyopita nilikuita mwongo. Ulipopiga simu juma lile ulisema Alhamisi utajibiwa habari ya likizo, na kwamba ndege ni saa kumi na moja tu. Mama alichosikia ni Alhamisi, saa kumi na moja. Akavaa gauni la bluu nililomshonea, tukaenda uwanja wa ndege. Tulikaa pale wanapotokea abiria mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu. Kila mwanamume aliyetoka na begi, Mama aliniuliza, "Ni yeye?" Hapo ndipo nilipojua macho yake yamefika wapi.

Jana asubuhi nilikwenda kwa karani wa tiketi nikiwa nimefura. Akabofya kompyuta yake, akasema kutoka uwanja wenu mpaka wetu ni kilomita elfu tisa, saa kumi na moja. Nikamuuliza, jioni au alfajiri? Akaweka kalamu chini.

"Dada, hizo si saa za kufika. Ni za kukaa angani."

Nilicheka kwa aibu, halafu machozi yakanitoka palepale dirishani kwake.

Sasa neno lenyewe. Presha ya macho imekula jicho la kushoto. La kulia daktari anataka kulifanyia upasuaji Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi, na hiyo ni saa ya ukutani, si ya angani. Huenda likapona, huenda likazimika, ahadi hakutoa. Tukichelewa zaidi ya hapo, litazimika lenyewe. Mama amekataa kutia dole gumba kwenye fomu. Anasema haingii chumba kile kabla hajakuona, maana hajui kama akitoka ataona tena. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemletea shangazi. Maji yamenifika shingoni.

Akiwa kitandani anaona mpaka kwenye kochi, hatua nne. Naogopa, mdogo wangu.

Jioni nilimweleza kosa letu na zile kilomita. Nilidhani umbali utamshtua. Alihesabu kwa vidole.

"Kumbe ni kulala na kuamka. Basi miaka sita hii alikuwa akipita njia gani?"

Jibu nimekuachia wewe.

Nesi atakufikia Ijumaa. Ukipanda Jumapili, Jumatatu uko hapa, na likizo wakikunyima utajua la kuwaambia. Mdomo unao tangu utotoni.

Shangazi anakusalimu, na shemeji yako pia, ambaye jezi yako bado anaivaa bila ruhusa. Mungu akufungulie njia na akushushe salama.

Ukijibu, taja siku. Saa usimtajie Mama tena. Fomu iko juu ya kabati, na wino wa dole nimeshaununua.

Akupendaye hata anapokufokea,
Dada yako.