Saa Tatu Ninazopungukiwa

Migori, Jumanne, wiki ya pili ya muhula.

Mvua ya alfajiri imeacha matope mpaka mlangoni mwa ofisi, nami nimefika kazini nikiwa nimechoka kabla sijafanya lolote. Ni ule uchovu usioondoka kwa kulala.

Leo tulikuwa na kikao cha idara cha kugawa mzigo wa kazi. Kwa asiyefundisha chuo kikuu nieleze kidogo. Kila muhula mhadhiri hujaza fomu, na fomu hiyo humpimia kazi yake kwa saa za kusimama mbele ya darasa. Kwetu zinatakiwa kumi na mbili kwa wiki. Darasa la wanafunzi tisa ni saa tatu. Darasa la wanafunzi mia mbili, wengine wakisikiliza kutoka dirishani, ni saa tatu vilevile. Kusahihisha hakuna mahali pake. Muhula uliopita nilikaa Muhuru Bay siku nne nikikagua wanafunzi wetu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, nikarudi na homa na kilo mbili za omena, wale dagaa wa ziwani. Kwenye fomu, siku hizo nne hazipo.

Mwenyekiti wa idara, Dakta Okeyo, ni mtu mpole. Alisoma majina yetu moja moja bila kuinua macho. Alipofika kwangu akasema, "Dakta, wewe una tisa. Umepungukiwa na saa tatu."

Nimepungukiwa.

"Tutakupa Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza, kule tawi la Homa Bay," akaendelea. "Ijumaa mchana, saa nane hadi saa kumi na moja."

Nikamwambia Ijumaa mchana ndipo ninapokaa na wanafunzi wangu wa uzamili. Ninao watano, kila mmoja na tasnifu yake.

"Hao nawajua. Lakini hawahesabiwi mpaka wahitimu. Kanuni unaijua."

Wenzangu wawili wakainamisha vichwa. Wanajua, kama ajuavyo Okeyo, kwamba kanuni hiyo niliiandika mimi.

Acha nikiri hapa, maana pale kikaoni nilinyamaza. Miaka sita iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya mzigo wa kazi. Siku hizo baadhi ya wenzetu walikuwa wakijaza fomu kwa majina ya wanafunzi wa uzamili walioacha masomo zamani, ili wapunguziwe madarasa. Nilikasirika. Nilikuwa mgeni chuoni na nilitaka nionekane mkali. Nikaandika kwamba usimamizi wa tasnifu utahesabiwa mwanafunzi anapohitimu, si kabla. Wakanipongeza sana. Wakati huo sikuwa na mwanafunzi hata mmoja wa uzamili.

Nilipotoka kikaoni nilimkuta Mwalimu Chacha ameketi kwenye benchi la varanda, kofia magotini. Ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Ogwedhi, mtu wa miaka hamsini na sita, na ni mmoja wa wale wanafunzi wangu watano. Alikuwa ameleta karatasi za shule mjini, akaona apitie. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, kwa hiyo tangu mwanzo tumezungumza Kiswahili. Hata tasnifu yake inahusu jinsi watoto wa Kikuria wanavyojifunza kusoma Kiswahili.

"Madam, sikuja kukusumbua," akasema huku akisimama. "Nilitaka tu kujua kama sura ya tatu umeipitia."

Sura hiyo imekaa kwenye mkoba wangu tangu mwaka juzi. Nimeipeleka Muhuru Bay nikairudisha. Ningeweza kumwambia niko karibu kumaliza, kama nilivyomwambia mara mbili hapo nyuma. Labda uchovu ndio ulionizuia. Hata kudanganya kunataka nguvu.

"Sijaisoma, Mwalimu," nikamwambia. "Hata ukurasa mmoja."

Akaigeuza kofia yake mikononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Wale watoto niliowapima kusoma walikuwa gredi ya tatu," akasema. "Sasa wako gredi ya sita. Kuna msichana mmoja kila tukikutana ananiuliza, mwalimu, ule mtihani wetu tulipita?"

"Unamjibu nini?"

"Namwambia mwalimu wangu bado anasahihisha."

Nikaketi. Nikaitoa ile sura, kona zake zimekunjika, nikaanza kuisoma palepale, yeye kando yangu akinifafanulia mwandiko wake kwenye pambizo. Tulikaa mpaka watu wakaenda kula na kurudi. Majedwali yake yamevurugika, na anarudia mambo. Lakini kuna kurasa nne ambazo ningejivunia kuziandika mimi. Anaeleza jinsi mtoto alivyosoma kifungu kizima cha Kiswahili bila kukwama, sauti safi, na alipoombwa asimulie kwa Kikuria alichosoma, akatazama dari. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Haya yamelala mkobani mwangu huku watoto wenyewe wakipanda madarasa.

Nikamwambia asifute hizo kurasa nne, na aje Ijumaa saa nane kama kawaida. Kisha nikarudi kwa Okeyo. Alikuwa anakunywa chai peke yake, fomu zetu mbele yake.

"Ijumaa sitaenda Homa Bay," nikasema.

"Ukikataa, itamwangukia Dakta Moraa. Ana saa kumi na tano tayari."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilisimama hapo nikiwa nimejaa hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Okeyo hajafanya kosa, na Moraa ana mtoto mchanga.

"Basi nitaichukua," nikasema mwishowe. "Lakini iwe Jumatatu asubuhi. Ijumaa niachie."

"Jumatatu ndiyo siku yako pekee isiyo na kazi."

"Najua."

Akaandika Jumatatu, taratibu. Nilidhani tumemaliza, lakini hakunipa ruhusa ya kwenda.

"Mimi nina watatu," akasema. "Wa uzamili. Mmoja aliacha kunipigia simu mwaka jana, na nikashukuru." Akasukuma kikombe kando. "Andika barua kuhusu hiyo kanuni. Nitaifikisha kwa kamati mimi mwenyewe. Ila wataitoa ile karatasi ya zamani yenye sahihi yako, ujue hivyo."

Sasa ni jioni, jua bado lipo, na niko kwenye ngazi za nyumba na kompyuta mapajani. Barua nimeianza. Sentensi ya kwanza inasema: kanuni hii niliiandika mimi, na nilikosea. Nimeifuta mara mbili nikitafuta njia laini ya kusema hivyohivyo, sikuipata, nikairudisha.

Sijui kamati itasema nini. Wiki zangu sasa zitakuwa nzito kuliko zilivyokuwa asubuhi, na hilo nimelitaka mwenyewe. Najua kuna mtu atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza, nilikuwa wapi miaka hii yote wanafunzi wakingoja.

Nilikuwa natimiza saa kumi na mbili.