Kulwa, Boya Nililiosha Mimi

Mpendwa pacha wangu Kulwa,

Usiiweke kando barua hii kabla hujafika mwisho. Nakujua, ukiona mwandiko wangu tu damu inakuchemka, na safari hii una haki. Ningekupigia simu, lakini namba yako haijapatikana tangu ulipoondoka Segese miaka minane iliyopita. Wanaosema wamekuona Katoro, huko Geita, wanasema pia kwamba ukisikia mtu wa kwetu anakuulizia, unapotea siku nzima. Ndiyo maana naiandika hadharani na kuituma picha yake kwenye makundi ya mafundi ya kwenye simu, wasome wote. Aibu uliyopewa ulipewa mbele za watu, haifai kuisafisha kwa kunong'ona.

Na naandika haraka, kwa sababu baba mdogo Maganga yuko njiani anakuja kwako. Tafadhali usikimbie kwanza. Soma.

Unaikumbuka siku uliyoifungua kabureta ya Pijo ya baba? Baba alikuwa ametuachia ile pikapu ya kijani, kuukuu kuliko sisi wenyewe, iliyobeba pamba kwenda Shinyanga mpaka bodi ikapinda. Kila mtu alitaka iuzwe chuma chakavu. Wewe ukakataa. Ulitandika gunia safi kwenye meza ya mama, ukapanga vipande kwa mpangilio uliovitolea, ukanikataza hata kupumua karibu. "Doto, kikohozi peleka nje." Ulinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, lakini ukishika spana unajifanya babu yangu. Nilikucheka sana siku ile, na nilikupenda sana pia, ingawa sikukwambia.

Ukanionyesha boya, kile kikopo chepesi cha shaba, kitupu ndani, kilichoungwa kwa risasi ya kuyeyusha. Ukanieleza kwamba linaelea juu ya petroli, na petroli ikitosha linainuka na kusukuma sindano inayoziba njia. "Hili likizama," ulisema, "petroli haina wa kuizuia." Kisha ukanipa vipande vyote nikavioshe, wewe ukaenda kutafuta gasketi.

Siku zile nilikuwa nashinda mwaloni, pale panapooshwa mchanga wa dhahabu, na akina mama wengine, tukisafisha marudio, ule udongo ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu yao. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekamatisha dhahabu kwa zebaki katika beseni langu. Beseni la mama lilikuwa na mchele. Nikalichukua la kwangu, nikalisuuza mara moja kwa maji, nikamimina petroli yako na kuanza kuosha. Boya likatoka jeupe, linang'aa. Nilidhani ni usafi.

Ulipolishika ulikunja uso. "Umelipaka nini?"

"Hiyo ndiyo mikono ya mwanamke," nikakujibu.

Ukacheka, ukalifunga ndani. Ulikuwa huna sababu ya kuniuliza mara ya pili, kwa sababu uliniamini.

Haukupita mwezi tukasafiri kwenda Kahama. Wewe kwenye usukani, mama katikati, mimi dirishani, baba mdogo nyuma amekalia magunia ya mpunga. Nadhani unaikumbuka ile safari kwa namna yako, lakini niache niiseme kwa namna yangu, maana yangu sijawahi kuisema. Mama ndiye aliyeanza. "Kulwa, mbona inanuka petroli?" Ukamwambia, "Nduhu, mayu, hakuna kitu, ni mpira mpya wa petroli tu, tukifika nitaukaza." Mimi nilikuwa naisikia harufu hiyo tangu tulipotoka nyumbani. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika mjini.

Kisha injini ikaanza kukohoa, moshi mweusi ukatoka nyuma, ukasimamisha gari pembeni. Ulipofungua boneti moto ukaruka. Sisi sote tulirudi nyuma isipokuwa mama, aliyekimbia mbele kukuvuta, na moto ukamshika mkono wa kushoto. Uliuzima ule moto kwa mchanga, Kulwa, ukizoa kwa viganja vitupu, huku ukimwita mama bila kugeuka. Bado naisikia sauti yako, na inaniuma.

Jioni ile uani kulijaa majirani. Baba mdogo alisimama akakunyooshea kidole: "Huyu si fundi. Huyu alitaka kumuua mama yake." Watu wakanigeukia mimi, pacha wako, waone kama nitakutetea. Nikasema, "Nilimwambia kuna harufu, hasikii."

Sikukwambia. Ni mama aliyekwambia. Nilidanganya, kwa woga tu, hata sijui nilikuwa namwogopa nani. Uliniangalia, kisha ukaanza kukusanya spana zako. Asubuhi kisanduku chako cha vifaa hakikuwepo.

Sasa nakuomba uvumilie, maana hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Wiki moja baadaye nilikuwa mwaloni, bangili yangu ya shaba ikageuka nyeupe, kisha ikakatika yenyewe mkononi. Mama Shija, tuliyekuwa tukifanya naye kazi, akanicheka: "We Doto, hujui zebaki inakula shaba? Na risasi ya kuungia ndiyo inaimaliza kabisa." Nilisimama pale na maji magotini, nikaliona lile boya jeupe mbele ya macho yangu. Nilielewa yote siku ile, Kulwa. Nikavitupa vile vipande vya bangili majini, nikaendelea na kazi. Na nimeendelea hivyo miaka minane, nikimsikia mama akiuguza mkono na kukutaja jina.

Wiki iliyopita baba mdogo alimleta fundi Mabula kutoka Kahama, eti Pijo ifufuliwe. Mimi nilikataa, nikasema gari lina mkosi, nikagomba mpaka mama akaniuliza nina nini. Fundi akaifungua kabureta juu ya meza ileile. Akalitoa boya, akalitikisa sikioni, akaniomba maji ya moto. Ni mimi niliyeyaleta, nusu nikayamwaga njiani. Akalizamisha. Mapovu yakaanza kupanda kwenye kiungo, moja, kisha mfululizo.

"Si nilisema?" baba mdogo akafoka. "Kazi ya Kulwa hiyo!"

Fundi akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Aliyeifunga hii alijua kazi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Boya ndilo lililotoboka, na alama hizi nyeupe ni zebaki. Nani hapa alikuwa anashika zebaki?"

Wewe zebaki hukuwahi kuigusa, na mle ndani kila mtu alijua nani alikuwa akiigusa. Nilitaka kutoka. Miguu ilikuwa imeshageukia mlango. Nikaona mama ananitazama, ameshika ule mkono wake wa kushoto, nikasema. Nilisema yote: beseni, bangili, na ule uongo wa uani.

"Miaka minane, Doto?" mama akaniuliza. Tangu hapo nikimwamkia ananiitikia marahaba, basi. Ananiwekea chakula na kugeuka. Ni halali yangu.

Fundi alifunga boya jingine, mipira na betri mpya, na gari likawaka, linanguruma vizuri kabisa. Hakuna aliyepanda. Baba mdogo alikaa juu ya tairi kuukuu, akamuuliza fundi taratibu kama amewahi kumsikia fundi Kulwa huko Geita. "Wa Katoro?" fundi akasema. "Kabureta zote za zamani zinapita kwake." Leo, Jumapili, baba mdogo hakwenda kanisani. Alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi.

Mimi sikuja naye. Ukiniona mimi kwanza utakasirika, na kwa hasira hiyo unaweza kumfukuza mzee ambaye hakujua. Kosa lake ni ukali wake, kosa la moto ni langu. Hasira uliyonayo kwangu unitunzie, nitakuja kuichukua mwenyewe siku utakayoniruhusu. Sikuombi msamaha kwa barua. Nakuomba tu ujue kwamba kazi yako ilikuwa safi, na kwamba Segese nzima imeshasikia hivyo kutoka kinywani mwangu, nyumba hadi nyumba.

Mama akikujia akilini, ujue hili: tangu asubuhi anauliza kila mara kama basi limefika Katoro.

Baba mdogo amezeeka, utamwona. Atasimama mlangoni mwa gereji yako na lile koti, na hatajua aanzie wapi. Hajawahi kumwomba mtu radhi maishani mwake. Kwa hiyo atakuuliza kama una plagi za Pijo.

Mjibu.

Pacha wako aliyekukosea,
Doto