Gari la Furaha Haliendi Kuzika

Nassor,

Ndugu yako Suleiman amekuja tena leo kuliwasha gari lako. Huja kila wiki, akaondoa turubai pale uani, akaiwasha injini ili isife, akakaa kidogo, akazima, akaenda zake. Mimi nimo ndani, edani, nasikia tu. Na kila ikinguruma injini ile, mwili wangu hausubiri akili. Leo nilikuwa nimeshafika jikoni, nimeshateleka mchuzi, ndipo nikakumbuka kuwa mwenye kurudi na njaa hayupo. Nikasimama na mwiko mkononi. Mama yako akaja akazima jiko, hakusema neno. Mama yako kukosa la kusema, unajua mwenyewe ni msiba wa kiasi gani.

Nna habari mbaya, na nimeona uisikie kwangu. Kesho, Alhamisi, natoka eda. Jumamosi gari linaondoka. Suleiman amepata mnunuzi, mtu wa kukodisha magari ya harusi. Atalipaka rangi nyeupe, atalibandika maua ya plastiki, awe anawapakia maharusi kuwapeleka kule hotelini Bustan. Gari lako, Nassor. Lile ambalo huko kwenu Sweden kutu yake ilikuwa fahari, na hapa Maskati, ambako gari likiwa na vumbi tu polisi wanakusimamisha, ukalazimika kulipaka rangi huku umenuna kama mtoto aliyenyolewa kwa nguvu.

Nimekataa, lakini kukataa kwangu hakuna nguvu. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo robo ya ulichoacha ni yangu, na iliyobaki ni ya mama yako na ndugu yako. Nilimuuliza Suleiman, yeye nje ya mlango na mimi ndani, robo ya gari ni kitu gani. Gurudumu moja? Hakucheka. Wewe ungecheka.

Nakumbuka ulipokuja kuniposa. Kwetu waliambiwa umekulia Sweden, nikadhani naletewa bwana wa suti na mkoba. Nikaletewa mtu mwenye kitana mfuko wa nyuma, nywele zimekolea mafuta, na gari lililokuja kwa meli, refu kuliko baraza yetu. Ukasema kule ulikuwa raggare, na baba akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani ni cheo. Ikabidi ueleze. Vijana wa miji midogo, mafundi na watu wa viwandani, wanaoyafufua magari makubwa ya Kimarekani ya miaka ya hamsini, na Jumamosi jioni wanazunguka nayo barabara ileile ya mji uleule, polepole, vioo vimeshushwa, muziki wa roki juu, hawaendi popote. Baba akauliza, "Hawendi popote, na petroli yote ile?" Ukajibu, "Ndiyo raha yenyewe, mzee." Mpaka leo sijui kwa nini alikubali.

Yaliyobaki ulinieleza mimi, kidogo kidogo, kwa miaka. Kwamba mlitoka Unguja wewe ukiwa mtoto, mkatangatanga, ukaishia kijana peke yako kwenye mji wa theluji ambao hakuna aliyeweza kulitamka jina lako. Kwamba mara ya kwanza ulipokwenda kwenye ngoma yao walikutoa nje, na wengine walikuwa na neno la rangi yako ambalo hukupata kunitafsiria. Ukasimama kituo cha basi unatetemeka. Ndipo Lasse, mmoja wao, akasimamisha gari, akafungua mlango, akakwambia ingia, baridi itakuua. Ukaingia, na kwa hesabu yangu hukutoka tena. Watu walikuona mtu mzima mpuuzi. Mimi niliona mtu aliyefunguliwa mlango mara moja maishani na hataki kuusahau.

Alhamisi zetu nazikumbuka zaidi kuliko harusi yetu. Baada ya Alasiri, kutoka hapa Khuwair mpaka Matrah, tunapita ufukweni, tunakwenda mpaka Bustan, tunageuza. Magari nyuma yanatupigia honi, wewe unawapungia mkono kana kwamba wanakusalimu. Mwaka wa kwanza nilikuwa najifunika uso mpaka machoni, nisijulikane. Mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa nageuza kanda, na ole wako ukiigusa. Adhana ya Magharibi ikianza ulizima muziki mkono wako ukitangulia fikra, tukasali msikiti wa Bustan, tukarudi kimya, kioo kimeshuka. Kisha ukanifundisha kuliendesha. "Usilikanyagie breki kwa hasira, Salma," ulikuwa ukisema. "Hili mtu mzima, linataka kuombwa."

Mama yako peke yake hakupata kulipanda. Alisema kiti kile cha mbele, kirefu kimoja, ni cha walevi.

Na wote walisema gari lile litakuua. Halina mikanda, breki zake za zamani, litakuua. Siku alipofariki yule mzee wa Quriyat, jamaa yenu, ulitoka uani na ufunguo wake mkononi, ukasita, ukarudi. Ukaniambia, "Gari la furaha halendi kuzika, bibie. Itakuwa sina adabu." Ukaenda kuazima la Suleiman, jipya, lenye mikanda na mifuko ya upepo na kila kitu. Ukaenda nalo kuzika, na kwenye mteremko wa njia ya Quriyat lori likakosa breki. Adabu ndiyo iliyokuua, Nassor. Nimekasirika nayo, na sina wa kumkasirikia.

Lasse alipiga simu. Nilikuwa wiki za mwanzo, sijijui. Mama yako akanikodolea macho: "Simu ya mwanamme hiyo, na weye umo edani?" Nikamwambia ni rafiki yako wa Sweden, akaja kukaa karibu. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi. Nilichofahamu ni kuwa wamekusanyika, wanazunguka mji kwa ajili yako, magari yote kwa mstari, na katikati ya mstari wameacha nafasi ya gari moja. Yako. Halafu akautoa mkono wenye simu nje ya dirisha la gari. Nikasikia injini. Nyingi, Nassor, zote kama ya gari lako. Nikampa mama yako asikilize. Akaiweka simu sikioni, akasikiliza mpaka ilipokatika, kisha akauliza, "Hawa ndio aliokuwa akikaa nao?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Mungu awape kheri."

Nilitaka kumchukia Suleiman. Nimejaribu. Leo, alipokwisha kulizima, alikuja mlangoni nikamwambia kuwa anakuuza wewe. Halafu akasema, "Salma, mimi ndiye niliyempa ufunguo wa gari langu. Kila nikiliona hili limesimama hapa namuona anauchukua mkononi mwangu." Nikasikia mtu mzima analia nyuma ya mlango wangu, na mimi siwezi hata kumfungulia. Basi. Liuzwe. Sitaki kumfunga yeye na mimi kwenye turubai moja.

Lakini robo yangu nimeidai. Nimemwambia sitaki gurudumu, nataka safari moja, kesho, na mimi ndiye nitakayeshika usukani. Akakubali hapohapo. Nikamwambia tutakapokwenda, akakubali tena. Nikasema haitakuwa vizuri mimi na shemeji yangu peke yetu garini. Mama yako, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka kitandani kwake, "Mimi ntakaa kati."

Siku ile wanaume walikuchukua, Nassor. Walikufunika, wakakubeba, wakapita mlango huu, na mimi nikabaki na udi na kelele za wanawake. Kila mtu alikuzika, isipokuwa mimi.

Kesho nitaoga, nitavua nguo hizi, na baada ya Alasiri nitaondoa turubai kwa mikono yangu. Tutapita njia yetu kwanza, Matrah, ufukweni, mpaka Bustan, na kanda yako itaimba hata mama yako akiziba masikio. Tukigeuza pale nitaizima. Tutapanda njia ya Quriyat, mpaka makaburini walikokulaza. Suleiman ataingia akusomee. Sisi wawili tutabaki nje ya ukuta, injini inanguruma, uisikie.

Najua ulisema gari la furaha haliendi kuzika. Kesho litakwenda, maana ndiyo siku nitakayokuzika mimi.

Mungu akulaze pema, mume wangu. Breki sitazikanyaga kwa hasira. Nitakwenda polepole.

Salma wako