Jibu la Belinda Ambalo Sikulituma

Bi Masuda mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata padre, hata rafiki yangu Irene ninayemwambia kila kitu: nilisema nimetuma sauti ya Belinda nyumbani Kenya, na sikuituma, na alipogombezwa kwa ajili hiyo nilifurahi.

Nina miaka kumi na sita, naishi na mama hapa Al Muraqqabat, Dubai, na Belinda ni binti wa mjomba wangu, alikuja mwaka jana kuuza manukato Al Rigga na tunalala chumba kimoja. Kaunti yetu inachagua gavana mwezi ujao, na mama ndiye anayewakusanya watu wa kwetu walioko Dubai kumpigia debe Bi Kibibi, aliyekuwa muuguzi, ambaye hana helikopta wala fulana za kugawa, ana miguu yake tu na ahadi ya kuifungua tena wodi ya kujifungulia iliyofungwa. Sisi wa huku tunapiga kura ya rais tu, ya gavana hatupigi, kwa hiyo kazi yetu ni kuwashawishi ndugu zetu, na kwa kuwa huku simu za WhatsApp hazishiki, tunarekodi sauti na kuzituma kwenye vikundi vya akina mama, nao wanatumiana kijiji kwa kijiji.

Simu ya kampeni ninayo mimi. Na maneno naandika mimi pia, Bi Masuda, maana sera za Bi Kibibi ziko kwa Kiingereza, nami shuleni nasoma Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo nazigeuza mpaka hata bibi yangu angeelewa. Lakini nikitaka kusema mimi mwenyewe ulimi unakwama, basi anasema Belinda, na Belinda akisema hata mtu aliyeleta gesi anasimama mlangoni asikilize. Aliwahi kuniambia, "Si umwambie Anti maneno ni yako? Naona haya kusifiwa bure," nami nikamfinya mkono anyamaze.

Wiki iliyopita akina mama wa chama cha akiba cha Mama Agneta kule nyumbani waliuliza swali moja: wodi ikifunguliwa, wauguzi watatoka wapi? Mke wa mwanawe ni mjamzito na hospitali iko mbali. Nikatafuta jibu kwenye sera, nikaliandika, nikalikata, nikaliandika tena, Belinda akalisema kama linatoka moyoni mwake, na mama akamkumbatia akasema, "Mwanangu wewe! Laiti ningezaa mwenye ulimi kama huu." Mimi nilikuwa hapo hapo mbele yao, simu mkononi. Halafu akanigeukia, "Imeenda?" Nikasema imeenda. Nikaifuta.

Akina mama wakangoja. Mgombea mwingine akafika na unga na leso. Jana mama akasikia kwa dada yake kwamba wale wamekasirika, sababu hakuambiwa, akamvaa Belinda: "Uliwaongezea nini kwa simu yako? Umeanza kuringa, eh? Wazazi wa watu unawasemesha kama wateja wa manukato!" Belinda akalia na sare yake ya kazi bado mwilini, na mimi nikala wali wangu ukaninogea. Huo ndio ukweli.

Lakini leo Mama Agneta ametuma sauti: "Tuliuliza swali moja tu, wanetu. Kama huko Dubai hakuna wa kutujibu, Jumapili baada ya kanisa tunaamua pamoja, na tutamfuata aliyefika." Nimeisikia mimi peke yangu, na akina mama hao wakiamua, kata yote inawafuata. Nikisema, mama atanionaje? Nikinyamaza, Bi Kibibi atapoteza kata kwa ajili yangu, na bado nikikumbuka Belinda alivyokumbatiwa natamani agombezwe tena. Nifanye nini, Bi Masuda?

Naandika kwenye karatasi na kila mtu akipita naifunika kwa kitabu cha kemia. Sasa nasikia viatu vya Belinda nje, anatoka kazini, anakuja mlangoni. Safari hii siifuniki.

Mwenye Simu, Al Muraqqabat

*

Mwenye Simu, mwanangu,

Barua yako nimeitanguliza katika safu hii mbele ya za wenye ndoa zao, wanisamehe. Wao wana muda, wewe mwisho wako Jumapili.

Kwanza, pole. Lile neno la "laiti ningezaa" lilikuchoma na lingemchoma yeyote. Mzazi hasemi vile mbele ya mwanawe, hata kwa furaha, na mama yako akiisoma hii namwambia waziwazi: bibi, hapo ulikosea.

Sasa nikugombeze. Belinda kakukosea nini? Kakutaka useme kweli, ukamfinya. Ulijificha mwenyewe, kisha ukanuna kwamba hukuonekana! Na hasira yako hukumpelekea mama, ukampelekea mjamzito usiyemjua, anayetaka kujua ni muuguzi gani atakayempokea. Mnampigia debe mtu asiyegawa unga. Basi mtu kama huyo ana kitu kimoja tu cha kumpa mpiga kura, nacho ni jibu akiulizwa. Hicho ndicho ulichokifuta.

Kama aliyeingia ni Belinda na ameisoma karatasi, mtake radhi, umwache naye aseme lake. Kisha nendeni kwa mama yako nyote wawili, leo, mkamwekee sauti ya Mama Agneta aisikie mpaka mwisho, umwambie: "Jibu niliandika mimi, na nilifuta mimi." Usianze na machozi ili akuhurumie. Akifoka, afoke. Akimtaka radhi Belinda, usimtazame kwa jicho lile, ni haki ya mwenzio. Lako lililokuuma utamwambia, lakini baadaye, si kwa kujitetea.

Halafu shika simu, usimpe Belinda. Mjibu Mama Agneta kwa sauti yako: kosa ni lako, si la Belinda wala la Bi Kibibi, na wauguzi watatoka wapi, kama ulivyoandika. Usisingizie mtandao. Wala usirekodi na kufuta, kurekodi na kufuta, ukitafuta iliyo nzuri. Kufuta umeshafuta kwa kutosha, khalas. Huenda wakamfuata yule wa unga na leso, nawe utaishi na hilo. Lakini waamue wakiwa wamejibiwa.

Ulimi ukikwama, nyamaza kidogo, uendelee. Hao wameingoja wodi miaka, watakungoja na wewe umalize sentensi. Yalla, bonyeza.

Bi Masuda