Kitufe cha "Bado"

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi, nimejifungia chooni. Nimechoka, hata hasira sina.

Unaukumbuka ule mchezo wa gurudumu niliouweka kwenye tovuti ya duka letu la viatu? Mteja analipia kuzungusha, akibahatika anapata zawadi. Leo bosi kamleta mwanasheria aukague.

Mama wa watu kafungua mchezo kwenye simu yake, akalipia. Ukurasa ukamuuliza, "Umetimiza miaka kumi na minane?" Akabonyeza "Bado". Gurudumu likazunguka! "Hongera, umeshinda raba!"

Bado, shoga. BADO. Vitufe vyote viwili, "Ndiyo" na "Bado", niliviunganisha na gurudumu, eti nitarekebisha baadaye.

Akasema taratibu, "Mtu analipa, anategemea bahati, anapata zawadi. Hiyo ni kamari, mwanangu. Na mtoto mmemfungulia mlango."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bosi kanitolea macho kama hanijui, na ndiye aliyenisumbua wiki nzima, "Weka tu, weka tu!"

Mwanasheria akamgeukia yeye. "Na leseni ya kuchezesha kamari mnayo?"

Bosi akakohoa. Akatazama dari.

"Bado."